Viatu Mlangoni, Mpira Ukumbini

Niseme ukweli mapema: mimi sikuwa mchezaji wa maana. Unahodha niliupata kwa sababu kiwanja kilikuwa cha shangazi yangu, basi. Wenzangu walilijua hilo, nami nilijua kuwa wanalijua, tukaelewana hivyo hivyo. Kingekuwa cha shangazi wa mtu mwingine, mimi ningekuwa yule wa kushikia wenzake kanga na kuokota mpira ukiangukia mtaroni.

Na hicho kiwanja, kwa kweli, kilikuwa nyumba. Ilikuwa Ngamiani, Tanga mjini, katikati kabisa ya ile mitaa inayoitwa kwa namba, imebanwa na nyumba za watu kulia na kushoto, mbele njia ya baiskeli na mikokoteni. Mume wa shangazi, Mpemba mfanyabiashara wa karafuu, aliijenga kwa miti na udongo, akaipiga chokaa, akaweka mbele baraza nzuri ya mawe. Alipofariki akamwachia mkewe. Halafu ukaja mwaka wa masika ya kweli kweli, katika miaka ile ya dhiki ambayo kila kitu ni foleni, nyumba ikachoka. Ilianguka asubuhi, shangazi akiwa kwenye foleni ya sukari. Alirudi na kikapu chake akakuta kuta zimelala chini na mabati yamekaa juu ya kitanda. Watu wamejaa, wanawake wanalia, wamemshika huku na huku wakidhani atazimia. Shangazi akatazama, akavuta pumzi, akasema, "Haya. Afadhali sukari nimepata."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mzaliwa wa hapo hapo Ngamiani, lakini miaka yake ya ndoa kisiwani Pemba, kabla mumewe hajamrudisha Tanga, ilimbadilisha ulimi. Alisema "mie" na "weye", na akisema hivyo ujue ameshaamua.

Akaja kukaa kwetu. Akapewa chumba changu na kitanda changu, mimi nikashuka kwenye mkeka. Hakulalamika hata siku moja, ila kila asubuhi alishika ufagio akaenda kufagia kwake. Kwake ambako hakuna kitu! Udongo ulishachukuliwa na mvua, fito ziliishia mekoni kwa majirani, zimebaki baraza na boriti chache tulizowahi kuziokoa. Shangazi anafagia ukumbi, anafagia chumba cha mbele, anauzunguka ukuta usiokuwepo, anamalizia uani. Kisha anakaa barazani anawasalimia wapita njia. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua.

"Mie si mgeni wa mtu, mwanangu," akaniambia. "Nikifa nataka nitolewe kwangu. Jeneza langu lisipite mlango wa watu."

Alilisema kwa sauti ile ile ya kuagiza nazi sokoni, lakini mimi liliniingia.

Angejenga, ila saruji haikuwepo. Tena sisi watu wa Tanga, ambao saruji inatoka kwetu! Vumbi lake tulilifuta kwenye vyombo, ila ukienda dukani kuulizia mfuko unaambiwa njoo mwezi ujao, na mwezi ujao unaambiwa ungekuja mwezi uliopita.

Sasa sisi wasichana tuliokuwa tumemaliza shule tulikuwa na dhiki yetu nyingine. Shuleni tulicheza mpira wa pete mpaka tukauota. Ukishamaliza, basi, umekua, kaa ndani usubiri posa. Viwanja vyote vya mjini vilikuwa vya wavulana na kandanda lao, na ukisimama pembeni kutazama unaulizwa umetumwa nini na nani. Mimi nilikuwa nahesabu makuti ya paa kwa kukosa kazi. Nikamfuata shangazi barazani kwake, nikamwamkia ile shikamoo ya kubembeleza, magoti yakagusa chini.

"Marahaba. Unataka nini?"

Nikamwambia.

"Mtacheza mpaka lini?"

"Mpaka saruji ipatikane, shangazi."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga, nami nikacheka. Siku zile kusema "mpaka saruji ipatikane" ilikuwa sawa na kusema milele. Nilitoa ahadi hiyo kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu niliona hainigharimu kitu.

Tukasimika boriti mbili za nyumba ile ile, moja mbele karibu na baraza, moja nyuma uani. Fundi baiskeli akatupa rimu mbili zilizopinda, tukazifunga juu kwa waya, hizo ndizo pete. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Mpira tuliazima kwa mwalimu wetu wa zamani wa michezo, mpira wa ngozi ambao ulikuwa umechakaa mpaka ukawa na sura ya embe.

Baba aliposikia akaja juu. Alikuwa mtu mpole, fundi cherehani, ila likija suala la heshima alikuwa haoni wala hasikii. "Wasichana wazima wanarukaruka njiani, wanaume wanapita!"

Shangazi hakunyanyuka hata barazani. "Njiani wapi? Wamo ndani."

"Ndani ya nini, dada? Nyumba si imeanguka?"

"Zimeanguka kuta. Nyumba ipo. Na hapo uliposimama weye ni mlangoni kwangu, na viatu hujavua."

Baba akatazama chini. Mtu mzima yule, akavua makubadhi yake, akayapanga vizuri. Alipokwisha kuyavua tu, mjadala ulikuwa umekwisha na yeye mwenyewe alijua. Shangazi akammalizia: "Sasa atakayewatazama hawa watoto, huyo anachungulia nyumba ya mjane. Nitajie nani, nikamuulize mbele ya mkewe."

Kuanzia siku ile tukawa ndani. Ilikuwa sheria, na mtaa mzima uliifuata bila kucheka, au walicheka wakishafika mbali. Viatu unaviacha palipokuwa mlango. Wanaume wakipita wanatazama upande wa pili. Alikuwepo mzee mmoja muuza kahawa, akitaka kumsalimia shangazi, anasimama njiani, anatuona wote kumi na nne tunavyokimbizana, na bado anapiga hodi na kungoja akaribishwe.

Hata mchezo wenyewe ukahamia ndani. Katikati ya kiwanja palikuwa ukumbini. Pete ya nyuma ilikuwa jikoni, ya mbele chumbani kwa shangazi. Utasikia, "Leta ukumbini! Peleka jikoni, jikoni!" Jikoni unaingia utakavyo, ni jikoni. Lakini chumbani, ukivuka ule mstari wa duara bila hodi, shangazi anasimamisha mchezo. "Nani huyo anaingia chumbani kwa watu kama mbuzi?" Basi mfungaji akifika mstarini anasema hodi, mlinzi wa upande wa pili anaitika karibu, ndipo anaingia na wanaanza kunyang'anyana mpira. Mwanzoni tulifanya kwa kumridhisha. Baada ya miezi michache midomo ilikuwa inasema yenyewe.

Mfungaji wetu alikuwa binti mmoja mrefu wa mtaa wa Mabawa, Mlutheri, baba yake alikuja zamani kutoka bara kukata mkonge. Huyo ndiye aliyekuwa mchezaji. Akinyoosha mkono aligusa rimu bila kuruka. Kila Ijumaa, sisi wengine tukienda zetu, yeye alibaki barazani kwa shangazi wanapiga soga, kahawa mkononi, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Mimi nilikuwa namwonea kijiba cha roho kidogo, sikufichi.

Tukacheza hivyo miaka mitatu. Dhiki ikaanza kulegea, ikaja miaka ya ruksa. Ghafla sabuni ipo, tena ya kunukia. Mitumba ikamwagwa sokoni, tukapata sare yetu ya kwanza, fulana za njano zilizoandikwa maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Baba alitugeuzia maandishi yakaingia ndani, yasije yakawa yanatangaza pombe. Na kwa kuwa tumekwisha kuwa na sare, tukajiona timu. Tukaomba mechi na wanawake wa kiwandani, ambao walikuwa na uwanja wa kweli, viatu vya raba na kocha mwenye filimbi.

Mechi ile! Mpaka leo nikiikumbuka naziba uso. Dakika za mwanzo tulikwenda vizuri. Mfungaji wetu akafika kwenye duara lao, mpira mkononi, na mdomo wake ukasema, "Hodi!" Mlinzi wao, mama mmoja mnene aliyelelewa vizuri kwao, akaitika, "Karibu," na akasogea pembeni. Tukafunga. Wenzake wakamgeukia, wakamrarua kwa maneno. Kisha wakaelewa kinachotokea, wakaanza kuangua kicheko, na mara ya pili binti yetu alipofika na hodi yake, mmoja wao akajibu, "Wenyewe hawapo!"

Akasimama. Wallahi, mfungaji wetu akasimama pale pale mstarini na mpira mkononi, kisha akageuka arudi. Mtu akikwambia wenyewe hawapo unaingiaje? Mara ya tatu hivyo hivyo. Tulifungwa mpaka mwalimu wetu akaacha kuhesabu kwa huruma. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, "Wenyewe hawapo! Wenyewe hawapo!" Tulirudi Ngamiani kwa miguu.

Wakakubali kuja kwetu mechi ya marudiano, baada ya Idi, mwezi mmoja kabla ya masika. Tuliitaka mechi hiyo kwa uchungu. Mimi, ambaye kucheza sijui, niliitaka kuliko wote, maana nyumbani hata wadogo zangu nikibisha mlango wa choo waliniitikia, "Wenyewe hawapo!"

Hapo ndipo ilipofika barua.

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyebaki Pemba na mikarafuu ya babake. Barua zake zililetwa kwa mkono na watu waliovuka. Shangazi alisoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu alizisoma mbio, lakini mwanawe alisoma shule ya serikali na aliandika kwa herufi za shuleni. Kwa hiyo msomaji wake nilikuwa mimi. Nilisoma vizuri, ila nilikuwa na uvivu mmoja. Binamu yangu akishamaliza habari zake alikuwa anapanga salamu ukurasa mzima: na fulani anakusalimu, na mama fulani anakusalimu, na wewe umsalimie fulani na fulani. Mimi nikifika hapo nilikuwa nakunja karatasi nasema, "Na wote wanakusalimu." Shangazi anaitika, "Nawaitikia wote," anaipokea barua yake anaiweka kwenye kopo la maziwa. Nani angejua?

Barua ya safari hii ilianza na habari za mvua, zikaja za karafuu, ikaja ya mjukuu kuota jino. Halafu macho yangu yakafika hapa: Mama, Mungu kafungua mlango, saruji yako nimeinunua. Ipo hapo hapo Tanga kwa rafiki yangu mwenye duka karibu na soko, lakini stoo yake inavuja, basi ichukue mapema, fundi achimbe msingi kabla masika hayajaingia.

Nikaishia hapo. Niliuona msingi ukichimbwa ukumbini. Niliiona timu ya kiwandani ikija na raba zake inakuta mtaro, inarudi inacheka.

"Basi?" shangazi akauliza.

"Basi, shangazi. Na wote wanakusalimu."

"Mbona karatasi imejaa?"

"Anaandika kwa herufi kubwa."

"Haya. Nawaitikia wote." Akanyoosha mkono, akaipokea barua yake, akaenda kuiweka koponi.

Nilijiambia ni wiki tatu tu. Nilijiambia saruji haiozi. Nilijiambia mengi, na kila asubuhi nilimwona akishika ufagio nikajisikia vibaya, kisha jioni nikaenda mazoezini nikapiga kelele za unahodha.

Siku ya mechi Ngamiani yote ilihamia pale, wanawake wamejaa barazani na kwenye vibaraza vya majirani. Wageni wakaja na raba zao nyeupe. Shangazi alikuwa amekaa kwenye baraza yake, kanga mpya, udi unafuka pembeni. "Karibuni wageni. Viatu mlangoni."

Nahodha wao akamtazama mwalimu wetu, ambaye ndiye aliyekuwa na filimbi. "Kwani mpira wa pete unachezwa bila viatu?"

"Sheria za mpira ni zenu," shangazi akamjibu, "nyumba yangu."

Wakavua. Mchanga wa saa tisa ulikuwa unawaka, na nyayo zao zilizoea raba. Sisi tulikuwa na magamba. Wakawa wanarukaruka kama kuku kwenye majivu ya moto, tukafunga, wakafunga, tukafunga. Lakini walikuwa wazuri, hilo nawapa haki yao, na mwisho ulipokaribia tulikuwa sawasawa. Mpira ukawa wao. Mfungaji wao akaupokea ukumbini, akampita mlinzi wetu, akavuka mstari wa chumba cha mbele, peke yake, pete ipo mbele yake.

"Assalamu alaykum, mwanangu," shangazi akamwita kutoka barazani.

Yule dada akaganda. Mkubwa wako amekutolea salamu, utafanya nini? "Waalaykumu salaam. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

"Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo."

"Na mama yako?"

Maswali yalipofika kwa mama, mwalimu alikwisha kupiga filimbi kwa kukaa na mpira kupita muda, mpira umekuwa wetu, umetupwa ukumbini, umefika jikoni, na yule mrefu wa Mabawa ameudumbukiza kwenye rimu. Kocha wao alipiga kelele za dhuluma mpaka sauti ikamkauka. Shangazi alimtazama kwa mshangao wa dhati. "Nimemsalimia tu mtoto. Siku hizi kusalimiana kosa?"

Tulishinda. Nilibebwa mabegani, mimi ambaye siku nzima sikugusa mpira mara kumi. Na huko juu mabegani nikamwona shangazi anazunguka uwanja, anawarudishia wageni viatu vyao mmoja mmoja, amechoka, mkono kiunoni, na furaha yangu ikaingia mchanga.

Kesho yake nikamwendea. "Shangazi, ile barua ya juzi nataka kuitazama tena. Kuna maneno nadhani sikuyaona."

"Alaa!" akasema. "Macho mabovu, na ujana wote huo!" Akanipa. Nikamsomea ile sentensi ya saruji peke yake, haraka haraka, nikamrudishia karatasi bila kumtazama usoni. Aliikunja akairudisha koponi. Kisha akaenda kumtafuta mtu wa mkokoteni.

Masika ya mwaka ule hayakungoja mwezi wake. Mkokoteni ulipopatikana, siku nne baadaye, mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha siku mbili nyuma, na stoo ya yule mwenye duka ilivuja kama alivyoandika binamu. Mifuko ya chini ilikuwa imeganda, imekuwa mawe, karatasi imeng'ang'ania juu yake. Mizima ilibaki, lakini nani achimbe msingi kwenye tope? Fundi akasema tungoje mvua ziishe, na mvua zilipoisha fundi mwenyewe alikuwa ameshapata kazi nyingine. Siku zile za ruksa kila mtu alikuwa anajenga.

Katikati ya masika hayo shangazi akashikwa na homa. Alilala kwenye kitanda changu siku nyingi, hali chakula, amekonda, mimi ndiye niliyemnywesha uji kwa kijiko. Asubuhi moja akafumbua macho akatazama paa letu, akasema kwa sauti ya utani aliyokuwa nayo siku zote, "Kumbe nitatokea mlango wenu."

 Nilitoka nikaenda uani nikalia, nikimwomba Mungu asimchukue, na kama anamchukua asimchukue kutoka chumbani kwangu. Ningepaswa kurudi ndani nikamwambia. Sikuwa na ujasiri huo. Nilirudi na uji mwingine.

Mungu akamponya. Mwaka uliofuata, kaskazi ikiwa kavu, fundi akaja na kamba zake. Akauliza nyumba ilikuwa imekaaje, kuta zinapita wapi. Shangazi akasema, "Waulize wenye nyumba," akatunyooshea kidole. Tukaingia peku, tukasimama. Huyu pembe ya jikoni, huyu mlango wa ukumbi, mimi pembe ya chumba cha mbele. Nyayo zilijua, hatukuhitaji kutazama chini. Fundi akapitisha kamba kutoka mguu hadi mguu, akachimba, na karibu kila mahali jembe lake lilikutana na mawe ya msingi wa zamani. Wengine walilia pale, wakasema ni vumbi.

Timu ikahamia uwanja wa shule, tukaruhusiwa siku moja kwa wiki, na tuliposema hodi hakuna aliyeitika. Mmoja akaolewa, mwingine akafungua genge. Viwanja vitupu vya Ngamiani navyo vikaisha, hapa duka la vipuri, pale banda la video, na leo mtoto wa kike akitaka kucheza mpira wa pete mjini sijui atautupia wapi. Shangazi naye aliishi kwake miaka kadhaa, na siku ilipofika alitolewa kwa mlango wake mwenyewe, kama alivyotaka. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile aliyohamia.

Alitualika timu nzima, pilau na kahawa. Nikafika mlangoni nikakuta ngazi tatu. Fundi alikuwa amezipanga kutokana na ile mifuko iliyoganda. Bado zilikuwa na umbo la mfuko, na mshono wa karatasi unaonekana juu yake. Nikavua viatu nikaviacha hapo hapo, sina pa kuviweka pengine. Nikapita ukumbini, nikafika chumba cha mbele.

"Hodi."

"Karibu."

Shangazi alikuwa ameketi kitandani, kitanda chake mwenyewe, na yule mrefu wa Mabawa kando yake. Katikati yao kuna kopo la maziwa. Shangazi akatoa karatasi moja, akanipa. Niliijua kabla sijaifungua.

"Nisomee," akasema. "Yote. Na salamu zake."

Nikamtazama yule binti mrefu. Akainamisha kichwa. "Kila Ijumaa alinipa nisome mara ya pili," akasema taratibu. "Zote. Na hiyo."

"Mtu asiyejua kusoma huwa na wasomaji wawili, mwanangu," shangazi akasema. "Weye ulidhani soga zile zilikuwa za nini?"

Alikuwa anajua kabla ya mechi. Alijua alipokaa barazani akamsalimia yule dada wa kiwandani. Alijua akiwa na homa kwenye kitanda changu. "Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Mechi niliitaka na mie. Na nilitaka kuona utasema lini. Haya, soma."

Nikasoma. Mvua, karafuu, jino la mtoto, saruji. Nilipofika kwenye saruji nikaisoma polepole safari hii, neno kwa neno. Nikageuza karatasi, nikaanza ule ukurasa wa salamu ambao sikuwahi kuusoma, fulani na fulani na mama fulani, mstari baada ya mstari, na huko chini kabisa, pembeni, kwa sababu nafasi ilikuwa imemwishia, binamu yangu alikuwa ameandika: Na mdogo wangu huyo anayekusomea, mwambie assalamu alaykum. Mwambie namshukuru sana. Mie huku nakaa na amani, maana najua neno langu likitoka hapa linakufikia lilivyo, halipunguki.

Machozi yalidondokea kwenye wino. Nilisema nisamehe, shangazi, nikalisema tena na tena. Akanichukulia karatasi kabla sijaiharibu, akaikunja.

"Kila barua anakusalimu," akasema. "Miaka yote hiyo. Mwanangu anadhani una kiburi, maana huitikii. Haya, itikia."

"Waalaykumu salaam," nikasema.

"Kwa nguvu, mwanangu. Pemba mbali."

Nikaitikia tena, kwa nguvu.